Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: kazi ya kumkatalia mwananchi isiachiwe mfumo

Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania,

Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Mtendaji Mkuu wa Mahakama, wasimamizi wa TEHAMA ya Mahakama.

YAH: MASHAURI YANAYOISHIA MLANGONI KABLA YA KUSIKILIZWA

Kwa heshima na taadhima naomba uipokee barua hii. Mimi ni msaidizi wa kisheria katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inanitambua, ingawa hainiruhusu kusimama mahakamani kama wakili. Kazi yangu inaishia nje ya mlango: kumsomea mtu wito alioletewa, kumhesabia siku zake za rufaa, kumpeleka steshenari akaskani nyaraka za kupakia kwenye mfumo wa kompyuta wa kufungulia mashauri, kumkumbusha alipe kabla control namba, yaani namba ya kulipia ada, haijaisha muda. Nakuandikia kwa sababu wengi wa watu ninaowahudumia hawashindwi kesi. Kesi zao hazisikilizwi.

Mtu akishindwa baada ya kusikilizwa, ninaweza kukaa naye nikamsomea hukumu. Hapa hakimu hakuwaamini mashahidi wako. Hapa hati ya mwenzako ilikuwa na nguvu kuliko maneno ya mdomo. Atanung'unika, lakini anajua ananung'unikia nini. Yule ambaye shauri lake limeondolewa kwa pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayotolewa kabla ya shauri lenyewe kusikilizwa, sina cha kumsomea. Ananiuliza, "Sasa shamba ni la nani?" Jibu la kweli ni kwamba mahakama haijasema. Mwenzake anaendelea kulima, msimu unapita, na yeye anaambiwa akaanze upya kama siku zake bado zipo. Mara nyingi hazipo.

Katiba yetu haikulinyamazia jambo hili. Ibara ya 107A(2)(e) inaiagiza Mahakama "kutenda haki bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka". Mwaka 2018 Bunge likakazia: Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 3) iliingiza kanuni ya lengo kuu katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai na katika Sheria ya Mamlaka ya Mahakama ya Rufani, kwamba mashauri yaamuliwe kwa haki, haraka, kwa uwiano na kwa gharama nafuu. Mawakili wakaiita kanuni ya oksijeni. Katika Rufaa ya Madai Na. 55 ya 2017, Mahakama ya Rufani iliitumia kanuni hiyo pamoja na kifungu cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi kinachokataza kutengua uamuzi kwa kosa la utaratibu ambalo halikusababisha haki kupotea. Shauri lililoanzia baraza la kata likanusurika.

Lakini katika Rufaa ya Madai Na. 66 ya 2017, ambapo halmashauri za vijiji vya Loliondo zilikuwa zinagombea ardhi, Mahakama hiyohiyo ilisema lengo kuu haliwezi kutumika kwa upofu dhidi ya masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Rufaa ya vijiji ikakwama kwenye utaratibu.

Siandiki kuyakosoa maamuzi hayo mawili. Waliosoma sheria kuliko mimi wameyajadili vya kutosha. Ninachokiona kwa macho ya mtu wa chini ni kwamba yote mawili yameacha kitu kimoja mikononi mwa jaji au hakimu: kupima. Kasoro hii inagusa msingi, au ni ya karatasi tu? Imemuumiza upande wa pili, au haikumgusa? Hakuna orodha inayojibu maswali hayo. Lazima mtu alisome shauri lenyewe. Na wasiwasi wangu ni kwamba tunajenga, kwa nia njema kabisa, mlango ambao mtu huyo hayupo.

Nitaeleza kwa mfano mmoja, na ofisi zilizohusika sitazitaja. Mama mmoja, mjane, alishindwa shauri la shamba katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria inampa siku 45 kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku alizosubiri nakala ya hukumu ziliondolewa kwenye hesabu, kama sheria inavyotaka. Zilizobaki alizitumia kutafuta nauli na fedha ya kumlipa wakili aandike sababu za rufaa. Nyaraka zilipakiwa kwenye mfumo jioni ya siku ya mwisho. Zikarudishwa: kiambatisho kimoja hakikusomeka. Zikapakiwa tena asubuhi. Zikakaa zikisubiri afisa wa masjala azikubali. Zilipokubaliwa ndipo control namba ikatoka, na mama akalipa kwa simu dakika hiyohiyo, mbele yangu. Siku ya kusikilizwa, wakili wa upande wa pili akasimama na pingamizi la awali: rufaa imefunguliwa nje ya muda. Hakufanya kosa, alitumia alichopewa na sheria. Rufaa ikatupwa. Hakuna aliyefungua ukurasa wa pili kuona kama baraza lilikosea kuhusu mipaka ya shamba.

Tarehe ya kufungua shauri ni ipi, Mheshimiwa? Uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1992 ulisema ni siku ada ilipolipwa, wala si siku nyaraka zilipofika masjala. Ulikuwa na mantiki wakati ule, kwa sababu mtu alisimama dirishani na fedha mkononi. Kanuni za Kufungua Mashauri kwa Njia ya Kielektroniki za mwaka 2018 zikasema waraka umefunguliwa ukiwasilishwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku. Kati ya kanuni hizo mbili kuna saa, na wakati mwingine siku, ambazo mwananchi hana uwezo wowote juu yake: anasubiri afisa aamke, akubali, mfumo uzae namba. Majaji wa Mahakama Kuu wamefikia hitimisho tofauti juu ya jambo hili. Kwa hiyo watu wawili waliopakia nyaraka saa ileile, katika mikoa tofauti, mmoja atasikilizwa na mwingine atafukuzwa.

Kanuni hizo za 2018 ziliweka pia nafuu kwa aliyekwamishwa na hitilafu ya kiufundi: amwombe Msajili kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Wakili mwenye ofisi Dar es Salaam ataiwahi saa tisa. Mtu anayetoka kijiji cha milimani Kilosa, ambaye anajua kuwa mtandao ulikata baada ya mwenye steshenari kumpigia simu, akilikosa basi la alfajiri nafuu hiyo imeshamponyoka. Ndipo aingie njia ya kuomba kuongezewa muda, na huko kuna msimamo mwingine, unaorudiwa katika maamuzi tangu ule wa Mahakama ya Rufani katika ombi la mwaka 2007: kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo, hata kama ni moja. Nimewasaidia watu kuorodhesha siku hizo kwenye kiapo. Siku ya msiba. Siku ya mafuriko. Siku aliyokuwa analinda mahindi yasiliwe. Mahakama inataka vielelezo, na kulinda mahindi hakuna risiti.

Wanapouliza kwa nini, wanaambiwa sheria ni msumeno. Ni kweli. Ila msumeno una aliyeushika, naye anaona anachokata.

Sitaki nieleweke kwamba napinga masharti. Bila ukomo wa muda, mwenye fedha angekata rufaa mpaka maskini achoke, na hakuna ambaye angelala akijua shamba ni lake. Bila fomu na viapo, hakimu asiye mwadilifu angepokea chochote kutoka kwa yeyote. Masharti yanamlinda mnyonge pia, na nimewahi kushuhudia pingamizi la awali likimwokoa mtu aliyeburuzwa mahakamani na tajiri kwa shauri lililokwisha kuamuliwa. Wala sipingi mashine. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Morogoro, kimojawapo kati ya sita vilivyozinduliwa mwaka 2021, kimewapunguzia watu wetu safari nyingi. Hukumu ambazo zamani ungezitafuta kwa wiki kadhaa sasa zinasomeka kwenye simu. Wala sitawapamba makarani wa zamani. Wengine walikuwa wakali, na wengine bila kitu kidogo faili halionekani. Lakini palikuwa na uso. Karani aliweza kusema, "Mama, kiapo chako hakina muhuri wa kamishna wa viapo, toka hapo nje kagonge urudi kabla hatujafunga." Sentensi hiyo moja imeokoa mashauri mengi kuliko kanuni ya oksijeni. Mfumo haujui kuisema.

Naomba sasa nikupeleke mbali kidogo, Uholanzi, kwa kuwa huko ndiko masharti makali na mashine vilipokutana, na mahakama zikiwa katikati. Wazazi wanaofanya kazi hupewa posho ya kulipia malezi ya watoto wadogo. Mamlaka ya kodi ya nchi hiyo iliamini kuna udanganyifu mwingi, ikaweka modeli ya kompyuta inayompa kila mwombaji alama ya hatari. Kutokuwa na uraia wa Uholanzi kulihesabiwa kuwa dalili ya hatari. Aliyepata alama kubwa, faili lake lilipelekwa kwa afisa alikague kwa mkono, lakini afisa hakuambiwa kwa nini mashine imemwona mtu huyo kuwa wa hatari. Alipewa mshukiwa, akaambiwa atafute kosa. Na kosa halikukosekana: sahihi imesahaulika, risiti moja haipo, mzazi hakulipa sehemu ndogo ya mchango wake.

Hapo ndipo ukali wa sheria ulipoingia. Tafsiri iliyoshikiliwa ilikuwa yote au hakuna. Ukishindwa kuthibitisha hata sehemu ndogo ya gharama, unarudisha posho yote ya mwaka. Familia zikadaiwa maelfu na makumi ya maelfu ya yuro. Wazazi walikwenda mahakamani. Mashauri yalipofika Baraza la Dola, ambalo idara yake ya mashauri ya utawala ndiyo mahakama ya juu kabisa ya rufaa za aina hiyo, Baraza likasema sheria haiachi nafasi ya kupunguza. Lilisema hivyo miaka mingi mfululizo. Oktoba 2019 ndipo lilipogeuka na kusema uwiano ungeweza kuzingatiwa, kwa sheria ileile, bila Bunge kubadilisha neno. Mwaka 2021 likakiri hadharani kwamba liling'ang'ania msimamo huo mno, likaomba radhi. Ripoti ya Bunge ya Desemba 2020 ilikuwa imeshasema misingi ya utawala wa sheria ilivunjwa, na haikuziacha mahakama nje ya lawama. Serikali yote ilijiuzulu tarehe 15 Januari 2021. Makumi ya maelfu ya wazazi waliumizwa, na katika familia hizo zaidi ya watoto elfu moja walikuwa wameondolewa nyumbani na kuwekwa katika malezi ya wengine.

Nikisoma habari za Uholanzi, kinachoniuma zaidi ya modeli ni majaji. Walikuwa na elimu, na uhuru, na muda. Wazazi walisimama mbele yao. Ila walikuwa wamejifunga wenyewe kwamba sheria imekwisha kusema, na kazi yao ni kuangalia kama kisanduku kimejazwa. Mashine ilichagua nani aletwe. Majaji wakafanya kazi kwa namna ambayo mashine ingeweza kuifanya.

Uingereza nako palitokea jambo ambalo linatugusa kwa upande mwingine, wa ushahidi. Wasimamizi wa vituo vidogo vya posta walionekana kuwa na upungufu wa fedha kwenye mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengi wao wakishtakiwa na Shirika la Posta lenyewe. Sheria ya huko ilidhania kompyuta inafanya kazi vizuri mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo, na msimamizi wa duka la kijijini angeonyeshaje? Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla ya kusafishwa. Mwaka 2024 Bunge lililazimika kutunga sheria ya kufuta hatia hizo kwa mkupuo.

Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina busara kuliko hiyo: njia mojawapo ya kuifanya kumbukumbu ya kielektroniki idhaniwe kuwa halisi ni kuwepo ushahidi kwamba mfumo ulikuwa unafanya kazi sawasawa. Naomba sharti hilo lilindwe kwa wivu, maana kuna mahali ndani ya mahakama zetu wenyewe panapoweza kulizunguka. Mahakama imeanza kutumia akili mnemba kunukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri. Nauunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Hakimu anayeandika kila neno kwa kalamu hawezi kumtazama shahidi usoni. Lakini tangu miaka ya 1990 Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba kumbukumbu ya mahakama inachukuliwa kuwa sahihi na haipingwi kirahisi. Dhana hiyo ilimhusu hakimu aliyesikia kwa masikio yake na kuandika kwa mkono wake. Je, itahamia kwenye maneno yaliyonukuliwa na programu? Huku kwetu shahidi Mkaguru huanza kwa Kiswahili, akikasirika huingia Kikaguru. Mfugaji wa Kiparakuyo hutaja mpaka kwa jina la mti. Programu ikisikia vibaya jina la mto, na mto huo ndio mpaka, rufaa itaamuliwa kwa mto ambao hakuna aliyeutaja, na sheria itasema kumbukumbu ni sahihi.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tayari inampa shahidi haki ya kusomewa ushahidi wake kabla haujafungwa. Mahali pengi haki hiyo imebaki sentensi ya kujaza karatasi. Pale panapotumika mfumo wa kunukuu, iwe lazima, katika jinai na katika madai: shahidi asomewe kwa lugha anayoielewa, asahihishe, na masahihisho yake yaonekane. Na sauti itunzwe mpaka rufaa ya mwisho iishe.

Kuhusu kufungua mashauri, ombi langu ni kwamba mfumo usiwe na uwezo wa kumkatalia mtu. Upokee. Uweke saa na tarehe ya kuwasilisha, na hiyo ndiyo iwe tarehe ya kufungua, mradi ada ilipwe ndani ya siku chache baada ya control namba kutoka. Kama nyaraka zina kasoro au zimechelewa, mfumo useme hivyo kwa hakimu, na hakimu ndiye aamue. Anapoliondoa shauri kwa kasoro ya utaratibu, aandike kwa maneno yake kasoro hiyo imemdhuru nani na kwa namna gani, na kwa nini nafuu ndogo kuliko kufukuza, kama kurekebisha au kulipa gharama za usumbufu, isingetosha. Akishindwa kuyaandika hayo, shauri lisikilizwe. Sidhani kama hili linamwongezea hakimu mzigo mkubwa. Pingamizi la awali lenyewe linasikilizwa, linaandikiwa uamuzi wa kurasa kadhaa, linakatiwa rufaa. Muda huo ungetosha kusikiliza mashahidi wawili.

Na siku mashine itakapoanza kupendekeza zaidi ya hapo, kwamba shauri hili ni dhaifu, mshtakiwa huyu asipewe dhamana, rufaa hii haina nafasi, basi anayehusika aambiwe kwamba mashine imetumika, imesema nini na kwa kuangalia nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usitegemee mashine peke yake. Mahakama ingekuwa ya kwanza kuiheshimu, taasisi nyingine zingefuata.

Serikali kupitia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imekuwa ikipita wilayani ikiwaambia wananchi walete malalamiko yao, na wamekuja kwa wingi, wengine na nyaraka zilizokunjwa tangu enzi za baba zao. Tunawaandikisha, tunawaelekeza mahakamani. Tukifika hapo mamlaka yetu yanakwisha na yako yanaanza.

Kanuni za mwaka 2018 zilitungwa na Jaji Mkuu, hazikuhitaji muswada bungeni. Marekebisho ninayoyaomba yanaweza kupita njia hiyohiyo. Rasimu itakapokuwa tayari, naomba itolewe kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2021 ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na maoni yasikusanywe kwa mawakili peke yao. Wasaidizi wa kisheria wa Kilosa tupo tayari kuja Morogoro, Dodoma au popote utakapotuita, na tutakuja na majalada ya mashauri yaliyoondolewa, yenye ridhaa za wenyewe, ili yasomwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Kilosa, Morogoro